Upishi wa maboga Dodoma

Upishi wa maboga Dodoma ni jumla ya namna ambazo wakazi wa mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, huandaa na kupika maboga nyumbani. Maboga hupikwa zaidi kati ya mwezi Machi na Juni, mvua zinapoelekea kwisha na mazao ya shambani yanapoanza kuingia nyumbani. Upishi huo hutumia karibu kila sehemu ya mmea: tunda, majani machanga, maua na mbegu.

Boga lina nafasi ya pekee katika chakula cha mkoa huo kwa sababu ya wakati wake. Majani yake huanza kuchumwa wiki chache tu baada ya mvua kunyesha, na matunda yake ya kwanza hupatikana kabla mtama, uwele na mahindi havijavunwa. Hivyo huja katika kipindi ambacho akiba ya nafaka ya mwaka uliopita imepungua au imekwisha. Kwa kaya nyingi namna ya kulipika, kulihifadhi na kugawa sehemu zake ni suala la kuvuka miezi hiyo salama, mbali na suala la ladha.

## Jina na aina

Boga (wingi: maboga) ni tunda la mmea utambaao wa jenasi *Cucurbita* katika familia *Cucurbitaceae*. Katika familia hiyo wamo pia mtango, mtikiti, mmumunye na mmea wa kutambaa unaozaa vibuyu. Neno hili lisichanganywe na *mboga*, ambalo Tanzania bara humaanisha majani yanayopikwa, na pia kitoweo chochote kinacholiwa na ugali. Majani ya maboga huitwa *msusa* katika sehemu nyingi za nchi.

Methali ya Kiswahili "Ukipenda boga, penda na ua lake" hufundisha kwamba anayempenda mtu awapende na walio wake. Jikoni methali hiyo ni kweli hata kwa maana yake ya moja kwa moja, kwa kuwa maua ya maboga nayo huliwa.

Spishi tatu hulimwa zaidi duniani:

* *Cucurbita moschata*: kikonyo chake ni kigumu, kina pembe tano na hupanuka pale kinaposhika tunda. Nyama yake mara nyingi ni ya rangi ya machungwa na tamu.
* *Cucurbita maxima*: kikonyo chake ni kinene, cha mviringo na laini kama kizibo. Baadhi ya maboga makubwa kuliko yote duniani ni ya spishi hii.
* *Cucurbita pepo*: humo mna maboga madogo yanayovunwa yakiwa machanga, pamoja na maboga mengi ya mapambo ya nchi za baridi.

## Asili

Maboga yote ya jenasi *Cucurbita* yana asili ya bara la Amerika. Mbegu zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zinaonyesha kwamba watu walianza kulima maboga takriban miaka 10,000 iliyopita, kabla ya mahindi na maharage. Yalifika Afrika baada ya safari za Christopher Columbus za tangu mwaka 1492, kwa njia ya meli za wafanyabiashara kutoka Ulaya.

Kabla ya hapo Waafrika walikuwa tayari na mimea ya familia hiyohiyo, kama vile tikiti na kibuyu. Mgeni huyu alipokelewa kwa urahisi kwa kuwa alilimwa, kuchumwa na kuhifadhiwa kwa njia zilizofanana na zile zilizokwisha zoeleka.

## Majira na kilimo

Dodoma iko kwenye uwanda wa juu wa kati, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la nusu ukame. Kwa wastani hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Hapo Dodoma inatofautiana na pwani na kaskazini mwa nchi, ambako kuna misimu miwili ya mvua: masika na vuli.

Neno *vuli* lenyewe huleta utata. Katika Afrika ya Mashariki ni mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba. Katika tafsiri za vitabu kutoka Ulaya na Marekani hutumika kwa majira ya mavuno yanayotangulia baridi, ambayo kaskazini mwa dunia huangukia Septemba mpaka Novemba. Dodoma iko kusini mwa ikweta, hivyo majira yanayolingana na hayo ni Machi mpaka Mei. Katika miezi hiyo joto hupungua, mvua hukoma na maboga hukomaa.

Mbegu za maboga hupandwa pamoja na mtama, uwele au mahindi katika shamba moja. Mashina ya nafaka husimama, na miboga hutambaa chini yake. Majani yake mapana hufunika udongo, hupunguza magugu na huzuia unyevu usipotee haraka. Mkulima hapalilii shamba la pili wala hahitaji ardhi ya ziada.

Ratiba ya kawaida ya mmea huo ni hii:

* Desemba hadi mwanzo wa Januari: kupanda, baada ya mvua za kwanza.
* Mwisho wa Januari na Februari: kuchuma majani machanga na maua.
* Machi: maboga machanga.
* Aprili hadi Juni: maboga yaliyokomaa.
* Mei na Juni: mavuno ya mtama na uwele.

Tarehe hizi husogea kila mwaka kulingana na mvua.

Mkulima hukabiliwa na uchaguzi mmoja kila msimu. Ncha za mmea ndizo mboga bora, lakini zikichumwa kupita kiasi mmea hubaki na majani machache ya kulisha matunda, na maboga huwa machache au madogo. Kaya yenye njaa mwezi Februari hulazimika kuchuma zaidi, na hulipia uchumaji huo mwezi Aprili. Njia inayotumika kupunguza hasara ni kutenga mimea michache kwa ajili ya majani tu, na kuiacha mingine izae.

Mmea huwa na maua dume na maua jike mbalimbali. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na ua jike huwa na kiboga kidogo chini yake. Maua hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, na huchavushwa na nyuki. Kwa hiyo maua ya kupika huchumwa yale ya kiume tu, tena baada ya nyuki kumaliza kazi, na mengine huachwa.

## Nafasi yake katika historia ya njaa

Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, imepitia njaa nyingi kwa sababu ya mvua zisizo na uhakika. Njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920 hukumbukwa kwa jina la *Mtunya*. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, watu hawakuwa na akiba wala nguvu kazi ya kulima.

Mazoea ya upishi wa Dodoma yana alama ya historia hiyo. Mboga za majani hukaushwa kwa ajili ya kiangazi, mimea ya porini hutumika pamoja na ya shambani, na hakuna sehemu ya boga inayotupwa bila sababu. Hata hivyo boga si kinga kamili ya njaa. Lina maji mengi na nguvu kidogo kuliko nafaka, na mvua ikikosekana kabisa nalo hukosekana. Kazi yake ni kuziba pengo la wiki kadhaa katika mwaka ambao mvua imenyesha.

## Katika mji: Nkuhungu

Nkuhungu ni mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma. Mji wa Dodoma umekua sana tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ulipewa hadhi ya jiji. Katika kata za makazi kama Nkuhungu shamba si lazima liwe mlangoni. Boga hufika jikoni kwa njia tatu: hulimwa kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa au kando ya ua, hutumwa na ndugu walioko kijijini, au hununuliwa sokoni, kama vile Majengo na Sabasaba.

Mji umebadili upishi kwa namna mbili. Kwanza, wakazi wametoka mikoa mingi, hivyo boga la karanga la bara hupikwa jirani na boga la nazi la pwani. Pili, nishati hununuliwa. Mkaa na gesi vina gharama, na boga huiva kwa dakika 20 hadi 30 wakati maharage makavu huhitaji saa moja au zaidi. Kwa sababu hiyo boga ni chakula cha gharama nafuu hata kwa asiyelima. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

## Kuchagua na kuandaa

Boga lililokomaa hutambulika kwa ishara hizi:

* Kikonyo kimekauka na kuwa kigumu.
* Ganda halitoboki kwa ukucha.
* Likigongwa kwa kidole hutoa mlio mzito wa kitu chenye uwazi.
* Sehemu iliyokuwa imelala udongoni imegeuka rangi kuwa ya njano.

Boga lenye jeraha, lililolainika mahali fulani au lisilo na kikonyo huliwa kwanza, kwa kuwa halidumu.

Ganda la boga lililokomaa ni gumu, na kisu huteleza kwa urahisi. Boga huwekwa juu ya kibao au gunia lililokunjwa ili lisiviringike. Ncha ya kisu huingizwa kwanza kando ya kikonyo, kisha kisu hushushwa polepole. Boga kubwa sana hupasuliwa kwa panga, au huangushwa mara moja juu ya jiwe safi.

Baada ya kupasuliwa, mbegu na nyuzinyuzi hutolewa kwa kijiko. Mbegu hutengwa, huoshwa na kuanikwa. Nyama hukatwa vipande vikubwa vya ukubwa wa kiganja. Si lazima kumenya kabla ya kupika, kwa kuwa ganda hushika kipande kisivurugike, na likishaiva hutoka lenyewe.

Kabla ya kuweka kitu chochote sufuriani, kipande kidogo kibichi huonjwa kwa ncha ya ulimi. Sababu yake inaelezwa katika sehemu ya usalama hapa chini.

## Njia za kupika

### Boga la kuchemsha

Hii ndiyo njia ya msingi. Vipande hupangwa ndani ya sufuria au chungu, ganda likiwa chini na nyama juu. Kwa boga la kilo 2 hutosha kikombe kimoja au kimoja na nusu cha maji, pamoja na chumvi kidogo. Sufuria hufunikwa vizuri ili boga liive kwa mvuke. Kosa la kawaida ni kuzidisha maji. Boga lenyewe ni karibu asilimia 90 maji, hivyo likichemshwa kama viazi hupoteza utamu na kuwa rojorojo.

Moto huwa mkali mpaka maji yachemke, kisha hupunguzwa. Kwa kimo cha Dodoma maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi badala ya 100, kwa hiyo chakula huchelewa kidogo kuiva kuliko pwani. Boga limeiva iwapo kisu huingia bila kusukumwa. Huliwa asubuhi kwa chai, au badala ya ugali.

### Boga la karanga

Boga la karanga ni chakula kamili zaidi. Kwa familia ya watu watano au sita huhitajika boga la kilo 2, karanga zilizosagwa gramu 200 hivi, vitunguu viwili, nyanya tatu na chumvi.

Karanga hukaangwa kidogo bila mafuta, hupepetwa kwa ungo kuondoa maganda, kisha hutwangwa kwenye kinu mpaka ziwe unga laini. Boga huchemshwa nusu, humenywa na kukatwa vipande vidogo. Vitunguu na nyanya hupikwa pembeni mpaka vilainike, kisha boga huongezwa. Unga wa karanga hukorogwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu, ndipo humiminwa juu. Ukimiminwa mkavu hufanya mabonge.

Kuanzia hapo moto huwa mdogo, na mwiko hupitishwa mara kwa mara chini ya sufuria, maana karanga huungua upesi. Baada ya dakika 10 hadi 15 mafuta ya karanga huonekana yakielea juu, na hiyo ndiyo dalili ya kuiva.

Karanga ni zao la kawaida la wakulima wadogo wa Dodoma. Huko Kongwa, mashariki mwa mkoa, serikali ya Uingereza ilijaribu kuzilima kwa mashine katika maeneo makubwa kuanzia mwaka 1947. Mpango huo ulishindwa na kuachwa mwaka 1951, ukame na udongo mgumu vikiwa miongoni mwa sababu. Mashamba madogo ya familia yaliendelea.

### Boga la kupalia

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko na kupunguza moto wa chini, ili chakula kiive kwa joto la juu na chini. Njia hiyo hutumika zaidi kwa wali na mikate, na hufaa kwa boga kwa mwenye jiko la mkaa asiye na jiko la kuokea.

Vipande vya boga lililochemshwa nusu hupangwa kwa tabaka katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Kati ya tabaka huwekwa vitunguu, nyanya na kunde au njugu mawe zilizokwisha iva. Juu humiminwa maziwa au uji mwepesi wa karanga. Mfuniko wa bati usio na mpini wa plastiki hufunikwa, na makaa machache huwekwa juu yake. Baada ya dakika 20 hivi uso wa juu hukauka na kupata rangi ya kahawia. Majivu hufagiwa kabla ya kufunua.

### Boga la maziwa

Wagogo ni wakulima na wafugaji pia. Katika kaya zenye ng'ombe, boga lililoiva hupondwa kwa mwiko na kuchanganywa na maziwa, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando. Sukari haihitajiki ikiwa boga limekomaa vizuri. Chakula hiki laini hupewa pia watoto na wazee wasio na meno.

### Boga la nazi

Njia hii imetoka pwani na Zanzibar. Boga hupikwa kwa tui jepesi mpaka liive, kisha tui zito huongezwa mwishoni kwa moto mdogo. Katika mwezi wa Ramadhani hupikwa kama futari, peke yake au pamoja na viazi vitamu na mihogo. Dodoma haina minazi, hivyo nazi huletwa sokoni kutoka pwani.

### Majani na maua

Majani machanga huchumwa pamoja na ncha za mmea. Nyuzi za nje za vikonyo humenywa kuanzia chini kwenda juu, na majani husuguliwa kati ya viganja ili kuondoa vinyweleo vinavyokwaruza koo. Kisha hukatwakatwa na kuchemshwa kwa maji machache dakika 10 hivi. Huungwa kwa karanga, nyanya na kitunguu, au huchanganywa na mlenda, na kuliwa kwa ugali wa mtama, uwele au mahindi. Maua huongezwa mwishoni, yakiwa yameondolewa kikonyo.

Baadhi ya wapishi huongeza magadi ili majani yalainike upesi na kubaki ya kijani. Magadi huharibu sehemu ya vitamini, hasa vitamini C, hivyo yafaa yawe kidogo sana au yasitumike.

### Mbegu

Mbegu zilizoanikwa hukaangwa kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kupasuka kwa sauti. Huliwa kama karanga, au hutwangwa na kupepetwa, na unga wake hutumika kuungia mboga wakati karanga hazipo.

## Lishe

Kwa mujibu wa jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za nyama ya boga bichi zina takriban kilokalori 26, gramu 92 za maji na vitamini A inayozidi kidogo mikrogramu 400. Kiasi hicho hutofautiana kwa aina. Kwa kawaida nyama yenye rangi kali zaidi ya machungwa huwa na zaidi.

Vitamini A ya boga hutokana na karotini, rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini. Upungufu wa vitamini A hudhoofisha kinga ya mwili, na Shirika la Afya Duniani linautaja kuwa chanzo kikuu cha upofu wa watoto unaoweza kuzuilika. Nchini Tanzania watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Boga halichukui nafasi ya matone hayo, bali huongezea.

Karotini hufyonzwa vizuri ikiwa mlo una mafuta. Hapa desturi na sayansi hukubaliana: karanga, maziwa, tui la nazi au kijiko cha mafuta ya alizeti humwezesha mlaji kunufaika zaidi kuliko boga la kuchemsha tupu. Mbegu zina protini karibu gramu 30 katika kila gramu 100, pamoja na mafuta, zinki na magnesi.

Mtoto aliyetimiza miezi 6, umri ambao chakula cha ziada huanza pamoja na maziwa ya mama, anaweza kupewa boga lililopondwa vizuri. Kwa kuwa lina nguvu kidogo, huchanganywa na uji au karanga zilizosagwa laini. Mbegu nzima na karanga nzima hazipewi watoto wadogo, kwa sababu huweza kuwakaba.

## Usalama

### Boga chungu

Mimea ya familia ya maboga inaweza kutengeneza kukabitasini, kemikali chungu sana inayoikinga dhidi ya wadudu na wanyama. Maboga ya chakula yamechaguliwa kwa vizazi vingi yasiwe nayo, lakini uchungu huweza kurudi iwapo mmea umeota kutoka kwenye mbegu ya boga lililochavushwa na boga la mapambo au la mwitu, au umekumbwa na ukame mkali. Mumunye na kibuyu nazo huweza kuwa chungu.

Kukabitasini haiharibiki kwa kupikwa, wala uchungu wake hauondolewi kwa chumvi au sukari. Anayekula hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara, wakati mwingine kwa damu. Kwa hiyo boga linaloonjwa na kuonekana chungu hutupwa lote, na mbegu zake hazihifadhiwi kwa kupanda. Huu ni uamuzi mgumu kwa kaya isiyo na chakula kingine, lakini boga chungu halishibishi, kwani mwili hupoteza maji na nguvu kuliko unavyopata.

### Karanga zilizoota ukungu

Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi huweza kutoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyohusishwa na mahindi. Moto wa jikoni hauiondoi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huchambuliwa na kutupwa kabla ya kukaanga. Zikishasagwa haziwezi kutambulika tena, hivyo ni salama zaidi kununua karanga nzima na kuzitwanga nyumbani.

### Chakula kilicholala

Boga lililopikwa kwa maziwa au karanga huchacha haraka. Pasipo jokofu hupikwa la kutosha mlo mmoja, na kinachobaki huchemshwa upya kabla ya kuliwa.

## Kuhifadhi

Boga zima lililokomaa hudumu miezi miwili hadi mitatu au zaidi bila jokofu. Hukatwa likiwa na kikonyo cha urefu wa vidole vitatu au vinne, na hubebwa kwa mikono miwili, si kwa kikonyo. Huachwa juani siku chache ili ganda likauke, kisha huwekwa mahali penye kivuli na hewa, juu ya nyasi au mbao, bila kugusana na jingine. Udongo wenye unyevu huozesha upande wa chini. Hukaguliwa kila wiki, na linaloanza kulainika hupikwa siku hiyohiyo. Kipindi cha kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambacho Dodoma ni kikavu na chenye baridi, husaidia uhifadhi huo.

Majani hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Huchemshwa kidogo au huanikwa mabichi, kisha husagwa kuwa unga. Zamani yalianikwa juu ya paa bapa la tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Siku hizi hutumika mikeka, mabati na vichanja. Jua kali la moja kwa moja huharibu karotini, hivyo kukausha kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa chembamba, huhifadhi lishe zaidi na huzuia vumbi na inzi. Vipande vyembamba vya boga navyo huweza kukaushwa kwa njia hiyo, na hulowekwa kabla ya kupikwa.

## Mahali pengine

Upishi wa boga na karanga upo katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Zimbabwe boga lililopondwa kwa siagi ya karanga huitwa *nhopi*. Zambia hupika majani ya maboga kwa karanga katika chakula kiitwacho *ifisashi*. Nchini Kenya majani hayo hupondwa pamoja na viazi na mahindi kupata *mukimo*.

Marekani, maboga ya aina mbalimbali hupikwa katika bakuli la kuokea pamoja na jibini, mayai na chengachenga za mkate, na ni chakula cha kawaida katika sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Ingawa viungo ni tofauti, kanuni ni ileile ya boga la kupalia: boga lenye maji mengi huongezewa mafuta na protini, kisha hukaushwa kwa moto wa juu. Watu wa Afrika ya Mashariki wanaoishi huko hutumia boga aina ya butternut badala ya boga la nyumbani.

## Tazama pia

* Boga
* Mlenda
* Futari
* Karanga
* Wagogo
* Mkoa wa Dodoma